Kimya Kisicho cha Vita

Mkimbizi akifika Nakivale na mtoto asiyesema, watu hawaulizi mtoto ana nini. Wanauliza aliona nini. Ni swali la huruma, na jibu lake huwa tayari kabla mzazi hajafungua kinywa: aliona nyumba inaungua, aliona babu anakokotwa, alipitishwa porini usiku bila chakula. Makazi haya ya wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, yanapokea watu wa namna hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipokuja Watutsi wa Rwanda. Baada yao wakaja Wanyarwanda wengine, Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Sasa tumepita watu 150,000 katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo, na karibu kila mtu mzima ana kisa alichokisimulia mara nyingi mbele ya meza ya afisa. Penye visa vingi hivyo, hata asiyesema huhesabiwa kuwa amesema.

Kisa chetu kilikuwa na kasoro moja: mwanetu alizaliwa hapa hapa Uganda. Hakuona kitu. Tulipotoka Fizi, Kivu ya Kusini, alikuwa tumboni. Lakini majirani hawakushindwa na hilo. Walisema aliyaona kupitia kwa mama yake, kwamba hofu ya mama iliingia katika damu ikamfunga mtoto ulimi. Mke wangu aliamini kuliko sisi wote, kwa sababu aliyekimbia na mimba ni yeye, na aliyelala kwenye majani mabichi ni yeye. Kila mtoto alipoitwa asigeuke, mama yake alirudi kimawazo kwenye njia ile ya Fizi, akitafuta pale alipoanguka, alipolia, alipokunywa maji machafu. Hata wafanyakazi wa mashirika, watu waliosoma, waliandika kwenye fomu zao kwamba mtoto huenda ana majeraha ya moyo. Siwalaumu. Wamefundishwa kutafuta majeraha, na hapa hawayakosi.

Hatimaye tulimpeleka Mbarara, umbali wa kilomita sitini hivi. Mtu wa makazi huenda huko kwa sababu za maana tu: hospitali, benki, kununua vifaa vya biashara, kumpokea ndugu anayeshuka kutoka basi la Kampala. Hospitali ya rufaa ya mji huo ndiyo wanayojifunzia madaktari wa chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989, kwa hiyo mgonjwa mmoja huzungukwa na makoti meupe mengi kuliko anavyotarajia. Mwanetu hakuyajali makoti. Alikuwa na vifuniko vyake vya soda, akavipanga sakafuni kwa rangi, na kila kijana aliyepita akavisogeza kwa mguu, yeye alivirudisha mahali pake bila kumtazama usoni.

Madaktari walitaka kwanza kujua kama anasikia. Anasikia: kifuniko kikianguka chumba cha pili anageuka, jina lake likiitwa karibu na sikio hageuki. Halafu yakaja maswali ambayo hatukuwahi kuulizwa na mtu. Je, huwa ananyoosha kidole kukuonyesha ndege, si kwa kuwa anamtaka, bali ili wewe nawe umwone? Akitaka maji anafanyaje? Mke wangu alieleza kwamba anaushika mkono wa mtu kwenye kifundo na kuupeleka kwenye jagi, bila kumtazama mwenye mkono. Daktari aliacha kalamu kidogo, kisha akaandika. Hakuna damu iliyotolewa wala picha iliyopigwa, kwa kuwa usonji, au autism kama alivyouita daktari, hauonekani kwenye damu wala kwenye picha. Unatambulika kwa kumtazama mtoto kwa muda na kuwasikiliza wanaoishi naye. Mwishoni daktari alisema maneno ambayo mkalimani aliyarudia polepole, labda akiogopa kuyaharibu: mtoto huyu angezaliwa hivi hivi hata kama msingekimbia.

Mke wangu alilia, na kilio chake kilikuwa cha mtu aliyetuliwa mzigo. Mimi nilikasirika. Ilinichukua muda kuelewa kwa nini habari ya kumwondolea mke wangu hatia iniudhi. Vita vina wenyewe. Vina makamanda wenye majina, vina vijiji na miaka, na hata kama hakuna mahakama itakayowaita, mtu anaweza kulala usiku akimlaani fulani. Tena vita hubeba ahadi ya kwisha. Tulikuwa tumejiwekea, bila kusemezana, kwamba amani ikirudi Kongo na mtoto atapona: atashuka kwenye gari huko Fizi, avute hewa ya ziwa, aanze kuzungumza Kibembe. Daktari alituondolea adui na akatuondolea na tarehe ya kupona, yote kwa sentensi moja. Kinachobaki baada ya hapo ni mtoto mwenyewe, na ndiye ambaye, kwa kuhangaika na sababu, tulikuwa hatujamtazama sawasawa.

Tulirudi nyumbani bila dawa. Jambo hili linaeleweka vibaya kuliko lolote. Mtu akienda Mbarara, akalipa nauli, akashinda kwenye foleni, majirani hutarajia arudi na mfuko wa vidonge, au angalau picha kubwa nyeusi ya kushika mbele ya dirisha. "Mwalimu, Mbarara yote ile hawakuwapa hata Panadol?" Wananiita mwalimu kwa sababu niliwahi kufundisha, na kwa sababu hiyo walitegemea nijue kudai. Kurudi na maneno matupu kulionekana kama tumeshindwa kusema shida yetu. Nafasi hiyo ikajazwa upesi. Mmoja alileta majani ya kuchemsha na kufukiza. Mwingine alitutajia chumba cha maombi ambako mtoto angefungiwa siku tatu bila kula ili kinachomshika kimwachie. Mimi ni mtu wa kanisa na sioni haya kusali, lakini mtoto anayekula vyakula vichache namna hii, ukimnyima siku tatu, hutamtoa pepo. Utamtoa nyama aliyonayo mwilini.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kila tiba iliyoletwa ilikuja na lawama ndani yake, na lawama ilimwendea mama. Alimlaani nani? Alikula nini? Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, mwanamke mmoja wa kikundi cha akiba alisema, akidhani anatia moyo. Nilitaka kusema huu ni ujinga wa watu wasiosoma. Sivyo. Leo Kanner, daktari wa Baltimore aliyeandika mwaka 1943 juu ya watoto 11 wa namna hii, alidokeza kwamba wazazi wao walikuwa watu wasio na joto. Bruno Bettelheim, aliyeendesha shule ya watoto katika Chuo Kikuu cha Chicago, alichapisha mwaka 1967 kitabu kizima cha kueleza kwamba mtoto hujifungia ndani yake kwa sababu mama hakumpenda. Kitabu kilisomwa na kusifiwa. Wanawake wa Marekani wenye nyumba za matofali na majokofu walikaa mbele ya madaktari wakaulizwa maswali yale yale anayoulizwa mke wangu kwenye bomba la maji. Aliyeanza kuupinga uongo huo kwa hoja nzito alikuwa baba wa mtoto wa aina hiyo, mwanasaikolojia Bernard Rimland, mwaka 1964. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter huko Uingereza wakachunguza jozi 21 za mapacha, wakaonyesha kwamba jambo hili hupita zaidi katika ukoo kuliko katika malezi. Nilimsomea mke wangu habari hizo usiku mmoja kwenye simu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama wale mama wa Chicago waliombwa radhi.

Nilikuwa na hamu ya kupata ushahidi wa karibu zaidi ya Chicago, na upo hapa hapa Uganda. Daktari Angelina Kakooza-Mwesige wa Makerere, mtaalamu wa ubongo na mishipa ya fahamu ya watoto, pamoja na wenzake, walichukua hojaji ya maswali kumi inayotumika nchi nyingi kutambua ulemavu wa watoto, wakaiongezea maswali 13 ya usonji, wakaipeleka kwa familia za Iganga na Mayuge, mashariki mwa nchi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Watoto wenye usonji walikuwepo, katika nyumba za wakulima wa mahindi na miwa, watu ambao hawakukimbia kokote. Nayapenda maswali yale kwa sababu yanaulizika mlangoni, na mama asiyejua kusoma anaweza kuyajibu vizuri kuliko profesa.

Na kama ni ukoo, basi ukoo wetu una la kusema. Nilipokuwa mdogo, kule Baraka kwenye Ziwa Tanganyika, tulikuwa na baba mdogo ambaye hakuoa wala kusalimia. Alijua kila mashua iliyotia nanga, siku iliyofika, mzigo iliobeba na ubao upi uliokuwa umebadilishwa. Alikula kwenye sahani yake ya bluu peke yake, na ikipotea hakula. Hakuna aliyesema ana ugonjwa. Wachuuzi walimwachia magunia yao ayalinde, kwa sababu hakukosea hesabu na hakuwa na mazungumzo ya kumsahaulisha. Alifariki kabla ya vita vya 1996. Sitaki kumpima maiti, na huenda alikuwa tu mtu wa kivyake. Lakini tangu Mbarara namfikiria sana, kwa sababu yeye hakuona risasi hata moja.

Baba mdogo hunikumbusha mzee mmoja wa Marekani, Donald Triplett, wa kwanza kati ya wale watoto wa Kanner. Baba yake alimwandikia daktari barua ya kurasa 33 mwaka 1938. Kabla ya hapo wazazi walikuwa wameshauriwa kumpeleka mtoto kwenye taasisi, wakampeleka, wakamrudisha nyumbani. Alikulia na kuzeekea katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, akafanya kazi benki, akacheza gofu, akaendesha gari lake, akafariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89. Ni kweli kwamba benki ilikuwa ya familia ya mama yake, na pesa hurahisisha mengi. Ila waandishi waliomtembelea waligundua jambo jingine: mji mzima ulikuwa umemzoea. Walijua atakavyojibu, walijua asivyopenda, na mgeni aliyekuja kumchunguza ilibidi ajieleze kwao kwanza. Baraka ilimfanyia baba yangu mdogo vivyo hivyo, bila benki.

Nakivale haiwezi kufanya hivyo. Si kwamba watu wa hapa hawana moyo. Moyo wanao kuliko miji mingi. Shida ni kwamba watu wa hapa hawakai. Mwanetu alikuwa na mji wake wa Forest, wa nyumba kumi hivi. Mama mmoja Mrundi wa karibu na bomba alimruhusu apite mbele ya foleni ya madumu, kwa kuwa kusubiri katikati ya msukumano humtoa akilini. Mwenye duka Msomali alijua biskuti zake, na kwamba pakiti isifunguliwe na mtu mwingine. Alipokuwa akipanga soda alizihesabu kwa sauti, na ndiyo sababu maneno ya kwanza ya mwanetu tuliyoyatambua yalikuwa kow, laba, saddex: moja, mbili, tatu, kwa Kisomali safi. Dereva wa boda wa pale njia panda alijua kwamba akimwona akielekea ziwani peke yake, aache abiria yeyote amrudishe. Hili la ziwa si dogo. Watoto wa namna hii mara nyingi huvutwa na maji na hutoroka kimya, na Ziwa Nakivale lina viboko.

Mama Mrundi amerudi kwao. Msomali aliitwa akapanda ndege kwenda Marekani, miezi michache kabla nchi hiyo haijasimamisha kupokea wakimbizi Januari 2025. Kwenye kiwanja chake amehamia mtu mwingine ambaye hahesabu kwa sauti. Halafu kule Kongo Goma ikaanguka mikononi mwa waasi Januari hiyo hiyo, na Bukavu mwezi uliofuata, na viwanja vilivyokuwa wazi upande wetu vikajaa watu wapya wenye maturubai mapya. Kwa hiyo tunaanza upya. Mke wangu ndiye anayeifanya kazi hii, na anaifanya vizuri kuliko ningeifanya mimi, kwa kuwa hahutubii. Hupeleka sombe iliyopikwa, akaketi, na kabla hajanyanyuka huwa ameshasema: yule wangu wa kiume hasemi sana, akiingia kwako usimshike mkono ghafla, nitumie mtoto nije. Kulikuwa na wakati nilitaka tufiche. Majirani wanaoficha wanafunga mtoto ndani mchana kutwa, na nawaelewa, ila aliyefichwa hakuna anayemrudisha akielekea ziwani.

Mambo ya nyumbani yamepata utaratibu wake. Nilichora kwa makaa kwenye vipande vya katoni: dumu, sufuria ya uji, viatu, shuka. Asubuhi tunavipanga ukutani kwa mfuatano, na kikimalizika kimoja anakigeuza mwenyewe. Mvua ikipiga mabati ya kanisa naye akiwa ndani, hakuna katoni itakayosaidia, basi tunasali nje chini ya mti, na mchungaji amekubali. Chakula ndicho kigumu. Anakula bugali ya unga mweupe, isiyoguswa na mchuzi. Unga wa njano anaona si chakula kabisa. Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilitugawa wakimbizi wa Uganda makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji, wengine wakapunguziwa na wengine wakaondolewa, na tangu hapo kuchagua rangi ya unga kumekuwa anasa. Watu husema akishikwa na njaa kweli atakula. Hapana. Atalala na njaa, na kesho yake atalala nayo tena. Kwa hiyo njano tunakula sisi.

Na kuna siku za kuhakikiwa, ambazo sijui tuzifanyeje. Maisha ya mkimbizi yamejengwa juu ya mambo ambayo mtoto huyu hayawezi: tangazo la ghafla, jua, umati, sauti ya kipaza, mtu usiyemjua kukushika vidole avibandike kwenye mashine. Tarehe hubadilishwa jioni ya kuamkia siku yenyewe, na katoni tulizopanga huwa zimeshadanganya. Safari iliyopita nilimbeba begani nikimwimbia hesabu za Kisomali mpaka mezani. Afisa alikuwa kijana, akauliza kama mtoto ni mgonjwa. Nikasema si mgonjwa, ana usonji. Akatafuta sehemu ya kuandika hilo kwenye kompyuta yake, sijui kama aliipata.

Swali la siku hizi ni jingine: hiyo karatasi ya Mbarara itawasaidia kwenye kesi? Kesi maana yake ni kuhamishiwa nchi ya tatu, na hapa kila karatasi hupimwa kwa mizani hiyo. Wapo wanaoniambia niipeleke kila ofisi, niseme mtoto ana hali mbaya sana, niongeze kidogo. Wapo wanaoniambia niifiche, kwa kuwa nchi zinataka watu wenye afya. Pande zote mbili zina mifano. Mimi nimeiweka kwenye bahasha moja na hati ya familia, na nikiulizwa nitasema kilichoandikwa. Sikatai kwamba kule kuna shule zenye walimu waliosomea kazi hii, na hapa darasa moja linaweza kuwa na watoto zaidi ya mia na mwalimu mmoja mwenye fimbo. Natamani sana. Ila nimechoka kuona kila kilicho cha mwanangu kikigeuzwa hoja. Kwanza alikuwa ushahidi wa vita, sasa wanataka awe tiketi.

Mtu mmoja alinishauri tuache kumsemesha Kibembe na Kiswahili, tubaki na Kiingereza cha shule, lugha zisimchanganye. Tafiti zilizofanywa nchi mbalimbali hazijaona kwamba lugha mbili humchelewesha mtoto mwenye usonji, na hapa kwetu hata ungetaka kumkinga na lugha ungemkingia wapi? Bombani ni Kinyarwanda, sokoni ni Runyankore. Tumeendelea kama zamani. Mwezi uliopita alisema "maji" akiwa amelishika jagi mwenyewe.

Tuna binti mdogo pia, anakaribia miaka miwili. Anacheka, anapenda kubebwa, lakini hanyooshi kidole, na wiki chache zilizopita ameanza kupanga maganda ya maharage kwenye kizingiti. Katika tafiti kubwa za Amerika Kaskazini, mtoto anayezaliwa nyuma ya ndugu mwenye usonji huwa nao karibu mara moja katika tano, na wasichana hutambuliwa kwa kuchelewa. Safari hii hakuna aliyetuuliza aliona nini, na sisi hatujaulizana. Mke wangu anataka twende Mbarara kabla ya mvua za Machi, barabara ingali nzuri. Mimi nasema tuuze mahindi kwanza, nauli ya watu wanne si mchezo, maana huwezi kumwacha kaka yake nyuma na picha ya safari haijachorwa. Yeye anasema picha nichore leo, mahindi yatauzwa yakiuzwa. Bado tunabishana.